UCHUKUZI WA MALORI: Lori lililosimama ndilo ghali zaidi

KATIKA bei ya mchele mjini Kampala, dawa mjini Kigali au mbolea mjini Kitale kuna fungu lililotokana na safari ya lori.

Fungu hilo halitegemei mafuta na urefu wa barabara pekee. Hutegemea pia saa ambazo lori limesimama langoni mwa bandari, kwenye mizani, mpakani na nje ya ghala la mwenye mzigo. Anayetaka kufahamu thamani ya uchukuzi wa mizigo barabarani, matatizo yake na mustakabali wake hana budi kuzihesabu saa hizo na kuuliza ni nani anayezilipia.

Kwa Wakenya, mahali pa kulitazama suala hili ni katika Ukanda wa Kaskazini. Hili ni jina la mtandao wa barabara, reli, bomba la mafuta na njia za majini unaoanzia bandari ya Mombasa na kuhudumia Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo.

Mkataba wa kuusimamia ulitiwa saini mwaka 1985 na makao ya sekretarieti yake yako Mombasa. Sudan Kusini ilijiunga baada ya kupata uhuru mwaka 2011.

Safari zenyewe ni ndefu. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni takriban kilomita 480. Hadi mpaka wa Malaba ni zaidi ya kilomita 900, Kampala ni karibu kilomita 1,170, nayo Kigali iko mbali kupita kilomita 1,600.

LORI LILIVYOIRITHI RELI

Mwanzoni, mizigo ya ukanda huu ilikuwa ya reli. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Kwa miongo mingi serikali ya kikoloni iliilinda reli dhidi ya ushindani kwa kanuni za leseni za magari ya mizigo.

Mambo yalibadilika baada ya uhuru, hasa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na shirika la pamoja la reli likagawanywa. Kila nchi ilibaki na kipande chake, na Kenya ikashuhudia injini na mabehewa yakichakaa huku mizigo ikiongezeka.

Jaribio la kukabidhi reli hiyo kwa kampuni ya Rift Valley Railways mwaka 2006 halikuleta ufufuo uliotarajiwa, na mkataba huo ulifikia kikomo mwaka 2017. Pengo lililoachwa na reli lilizibwa na lori.

Mwaka huo wa 1977 ulitoa pia funzo kwa wenye malori. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, na kampuni ya Kenatco, ambayo malori yake yalikuwa yakienda hadi Zambia, ikapoteza njia yake kuu ya kusini. Baadaye jina hilo lilijulikana zaidi kwa teksi za Nairobi. Kampuni ya malori yaweza kuwa na magari mazima na madereva hodari, na bado ikaangushwa na mpaka uliofungwa.

THAMANI INAYOONEKANA NJIA IKIZIBWA

Umuhimu wa sekta hii hujitokeza waziwazi magurudumu yanapokoma kuzunguka. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, barabara za Bonde la Ufa na magharibi mwa Kenya zilizibwa kwa mawe na magogo, na reli ikang'olewa katika mtaa wa Kibera, Nairobi.

Athari hazikuishia Kenya. Uganda na Rwanda zilikumbwa na uhaba wa mafuta, bei zikapanda, na malori yakalazimika kusafiri kwa misafara chini ya ulinzi. Nchi zisizo na bahari zilitambua kwamba ghala lao la akiba lilikuwa juu ya magurudumu, na lilikuwa limekwama.

Bandari ya Mombasa imekua tangu wakati huo. Mwaka 2024 ilihudumia zaidi ya tani milioni 40 za shehena. Kati ya shehena zinazopitia Kenya kuelekea nchi jirani, Uganda ndiye mteja mkuu na huchukua zaidi ya nusu.

Hata hivyo, kazi ya lori si kuwapelekea majirani mizigo tu. Majani chai kutoka Kericho na Nandi huteremshwa hadi mnada wa Mombasa. Maua ya Naivasha husafirishwa usiku kwa malori yenye majokofu hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Mahindi, miwa, saruji, ng'ombe na maziwa vyote hupakiwa kwenye lori wakati fulani, hata pale ambapo sehemu ya safari ni ya reli.

Aidha, kuna riziki zinazoambatana na safari hizo. Mafundi wa breki, waziba tairi, wachomeleaji, wenye mikahawa na nyumba za kulala wageni, mawakala wa forodha na wapakiaji hutegemea lori moja kwa moja. Miji kama Mariakani, Mtito Andei, Emali, Salgaa na Malaba imekuzwa kwa kiasi kikubwa na madereva wanaosimama kula, kulala au kungoja.

HESABU YA MWENYE LORI

Gharama za mwenye lori ni za aina mbili. Kuna zile zinazotokana na mwendo, yaani dizeli, tairi, vilainishi na vipuri. Kisha kuna zile zinazolipwa iwe lori limetembea au limelala: mkopo wa benki, bima, leseni, mshahara na ada ya maegesho.

Chukua mfano wa lori ambalo gharama zake zisizobadilika ni Sh300,000 kwa mwezi. Likifanya safari tatu, kila safari itabeba Sh100,000 za gharama hizo. Likicheleweshwa hadi likafanya safari mbili pekee, kila safari itabeba Sh150,000, ingawa barabara ni ile ile na dizeli ni ile ile.

Nyongeza hiyo ya Sh50,000 lazima ilipwe na mtu. Mwenye lori akiwa na nguvu, humwongezea mwenye mzigo, naye mwenye mzigo humwongezea mnunuzi. Akiwa mnyonge, huahirisha kununua tairi, hupuuza breki au humhimiza dereva afidie siku zilizopotea kwa kukimbia usiku kucha.

Tatizo jingine ni safari ya kurudi. Bidhaa zinazoingia kupitia Mombasa ni nyingi kuliko zinazotoka, hivyo makontena mengi hurejeshwa pwani yakiwa matupu. Nauli ya kwenda huwa inabeba ndani yake gharama ya kurudi bila mzigo.

Wenye lori moja au mawili ndio wanaoumia zaidi. Kampuni kubwa zina mikataba ya moja kwa moja na wenye mizigo, karakana zao na uwezo wa kungoja malipo kwa miezi miwili au mitatu. Mwenye lori moja hupata kazi kupitia kwa madalali, hulipwa mwisho, na benki haimngoji.

MIZANI NA LAMI

Kishawishi cha mwenye lori aliyebanwa ni kuongeza mzigo. Akibeba tani kadhaa za ziada, huona kwamba amefidia siku alizopoteza. Gharama ya faida hiyo huhamia kwenye barabara.

Majaribio makubwa yaliyofanywa katika jimbo la Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara huongezeka kwa kasi kuliko uzito. Kwa kanuni iliyotokana na majaribio hayo, ekseli iliyokusudiwa tani 10 ikibebeshwa tani 12, madhara yake kwa lami hukaribia kuwa maradufu. Ekseli ikibebeshwa mara mbili ya kiwango chake, madhara hufika mara 16 hivi.

Ndiyo maana sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzani wa magari iliweka kikomo cha tani 56 kwa jumla ya lori na mzigo wake, kwa magari yenye ekseli saba. Kila ekseli ina kikomo chake pia, kwa sababu lori laweza kuwa na uzito halali kwa jumla huku mzigo ukiwa umeelemea upande mmoja.

Nchini Kenya, Halmashauri ya Barabara Kuu (KeNHA) husimamia vituo vya mizani kama vile Mariakani, Mlolongo, Gilgil na Webuye. Baadhi ya vituo vina vifaa vya kupima lori likiwa mwendoni, ili lile lisilozidisha mzigo lisipoteze saa nyingi katika foleni ya wakosaji.

Hatua hiyo ni muhimu. Mizani inayomchelewesha mtiifu sawa na mkaidi humfundisha mtiifu kutafuta njia ya mkato, na malalamiko kuhusu hongo katika vizuizi vya barabarani yamekuwako kwa miaka mingi. Pale ambapo saa moja ina thamani, daima atatokea mtu wa kuiuza.

MPAKANI

Mafanikio makubwa ya miaka ya karibuni yamepatikana mipakani. Zamani lori lilikaguliwa upande wa Kenya, likavuka, kisha likakaguliwa upya upande wa Uganda. Mwaka 2014 nchi za jumuiya zilianza kutekeleza utaratibu wa himaya moja ya forodha, ambapo ushuru wa mzigo hulipwa katika nchi unakokwenda kabla ya mzigo huo kuondoka bandarini.

Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018 na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni. Maafisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja, na lori husimama mara moja. Tangu 2017, Kenya, Uganda na Rwanda zimekuwa pia zikitumia mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo kwa vifaa vya kielektroniki, ili makontena ya kupita yasifunguliwe njiani na kuuzwa humu nchini.

Lakini mwaka 2020 ulionyesha jinsi mafanikio hayo yalivyo mepesi kubatilika. Janga la Covid-19 lilipozuka, kila nchi ilidai kuwapima madereva kwa utaratibu wake. Foleni za makumi ya kilomita zilijipanga kuelekea Malaba na Busia. Madereva walilala chini ya matrela kwa siku kadhaa, na katika baadhi ya miji wakatazamwa kama waleta maradhi ilhali wao ndio waliokuwa wakileta dawa na chakula.

Ushindani nao haulali. Bandari ya Dar es Salaam iko karibu zaidi na Kigali na Bujumbura kuliko Mombasa, na sehemu kubwa ya mizigo ya Rwanda na Burundi hupitia Tanzania. Mwenye mzigo hana uraia katika jambo hili. Huenda kule ambako kontena lake litafika mapema na kwa hakika.

MZIGO WA DEREVA

Dereva ndiye hulipa sehemu ya gharama isiyoandikwa katika ankara yoyote. Wengi hupewa posho kwa safari, hivyo siku ya kungoja huwa siku ya kula akiba. Njia rahisi ya kuongeza kipato ni kuongeza kasi au kupunguza usingizi, ingawa magari makubwa ya mizigo yanatakiwa yasipite kilomita 80 kwa saa.

Mteremko wa Salgaa, katika barabara ya Nakuru kuelekea Eldoret, ulipata sifa mbaya kwa sababu hiyo. Baadhi ya madereva waliteremka gia ikiwa imeondolewa ili kuokoa mafuta, breki zikapata joto na kushindwa kufanya kazi. Baada ya ajali zilizoua watu wengi mwaka 2017, serikali ilitenganisha pande mbili za barabara hiyo.

Orodha ya maafa ni ndefu. Mnamo Januari 31, 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachang'wan, karibu na Molo. Wakazi walikusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakafariki. Desemba 2016, takriban watu 40 waliangamia karibu na Naivasha lori lililobeba kemikali inayoshika moto kwa urahisi lilipogonga magari mengine na kulipuka. Juni 30, 2023, lori lilipoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani na kuua zaidi ya watu 50, wengi wao wakiwa kando ya barabara, baadhi wakichuuza bidhaa.

Msiba wa Londiani ulikumbusha kwamba masoko mengi yamejengwa pembeni kabisa mwa lami, kwa kuwa hapo ndipo wateja husimama. Riziki na hatari zimewekwa pamoja kwa upana wa hatua chache.

Afya nayo huathirika. Tangu mwishoni mwa karne ya 20, watafiti waliihusisha njia hii na maambukizi ya virusi vya HIV, na muda mrefu wa kukaa vituoni mbali na familia ulitajwa miongoni mwa sababu. Kliniki zilizofunguliwa kando ya barabara na kutoa huduma hata usiku zimesaidia, kwa kuwa dereva hawezi kuacha mzigo wa watu akapange foleni hospitalini asubuhi.

Kwa wanaokwenda Sudan Kusini, hatari ni bunduki. Mwaka 2021 madereva walikataa kuendelea na safari kutoka mpaka wa Elegu baada ya wenzao kuuawa na watu wenye silaha, wakidai ulinzi. Waliposimama, bidhaa za Juba zilisimama pamoja nao.

RELI MPYA, MZOZO WA ZAMANI

Mei 2017 serikali ilizindua reli ya kisasa ya SGR kati ya Mombasa na Nairobi, iliyojengwa hasa kwa mikopo ya takriban dola bilioni 3.2 kutoka benki ya Exim ya China. Usafirishaji wa mizigo ulianza Januari 2018. Treni moja iliyoundwa kubeba hadi makontena 108 ya futi 20 yaweza kufanya kazi ya malori zaidi ya 50.

Kwa barabara iliyochoka na kwa mazingira, hiyo ni habari njema. Mzozo ulitokana na namna mizigo ilivyohamishwa. Mwaka 2019 serikali iliagiza makontena ya Nairobi na bara yasafirishwe kwa SGR, na wakazi wa Mombasa wakaandamana kupinga. Wenye malori waliegesha magari yao, na vituo vya makontena pamoja na hoteli za njiani vikapoteza wateja.

Agizo hilo lilisitishwa Oktoba 2019, lakini mvutano ukaendelea. Novemba 2020, Mahakama Kuu ya Mombasa iliamua kwamba kulazimisha mizigo ipitie SGR kulikuwa kinyume cha sheria. Septemba 2022, Rais William Ruto alitangaza mara tu baada ya kuapishwa kwamba shughuli za kuidhinisha mizigo zingerejeshwa Mombasa.

Aidha, reli peke yake haimalizi safari. Ilipokomea karibu na Naivasha mwaka 2019, shehena ya Uganda ilihitaji kuhamishiwa kwenye lori au reli ya zamani. Kila uhamisho ni gharama ya kupakua, kupakia na kungoja.

MUSTAKABALI

Uganda ilitia saini mkataba na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki Oktoba 2024 wa kujenga SGR kati ya Malaba na Kampala, nayo Kenya inakusudia kuifikisha yake Malaba. Kwa upande wa barabara, Novemba 2025 Rais Ruto alizindua upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, sehemu ambayo kwa miaka mingi malori na magari madogo yamegombania njia moja ya kila upande.

Miradi hiyo ikikamilika, huenda sehemu ya safari ndefu ikahamia kwenye reli huku lori likibaki na safari za kutoka vituoni hadi maghalani, viwandani na mashambani. Hilo laweza kuwa na manufaa. Lori linalofanya safari fupi nyingi hubeba mizigo mingi kwa mwezi kuliko lile linalongoja wiki nzima kufika Kampala, na dereva wake hulala nyumbani.

Lakini mpito huo hautakuwa rahisi kwa wote. Mwenye lori moja aliyekopa kwa hesabu ya nauli ya Kampala hawezi kulipa benki kwa nauli ya Nairobi hadi Thika. Mji uliojengwa na madereva wanaolala hauwezi kuishi kwa treni isiyosimama. Funzo la 2019 ni kwamba mabadiliko yanayoletwa kwa agizo la ghafla huishia barabarani na mahakamani.

Yapo mambo yanayoweza kufanywa bila kungoja reli. La kwanza ni wenye malori wadogo kuungana katika vyama vya ushirika, ili wanunue tairi, bima na mafuta kwa pamoja na kutia saini mikataba bila dalali. La pili ni mwenye mzigo kulazimika kulipia siku anazoshikilia lori nje ya ghala lake. Leo hazimgharimu chochote, ndiyo maana hana haraka.

La tatu ni maegesho salama yenye vyoo, taa na kliniki, mbali na masoko ya kando ya barabara. La nne ni kuoanisha mzigo wa kwenda na wa kurudi. Kampuni kama Lori Systems, iliyoanzishwa katika muongo wa 2010, zilijaribu kufanya hivyo kwa njia ya simu na intaneti, lakini teknolojia haiwezi kubuni mzigo usiokuwepo. Makontena yatarudi Mombasa yakiwa yamejaa pale viwanda na mashamba ya bara yatakapozalisha zaidi kwa soko la nje.

Kwa miaka mingi mjadala wa uchukuzi umekuwa juu ya lami ngapi zimewekwa na reli imefika wapi. Hayo ni ya lazima. Hata hivyo, kilomita mpya hazitapunguza bei ya mbolea Kitale iwapo saa zilizookolewa barabarani zitapotezwa langoni. Ipo haja ya kila mamlaka inayosimamisha lori kutangaza hadharani, mwezi baada ya mwezi, imelisimamisha kwa muda gani na kwa sababu gani. Penye hesabu hiyo, dereva na mnunuzi watajua ni nani wa kuulizwa.